Mfa maji aache kutapatapa: barua ya wazi kwa walimu wakuu wa shule za msingi za pwani ya Mtwara

Walimu wenzangu,

Wengi wenu mlikuja kwangu mkiwa walimu wapya, mkanikuta nimeshachakaa kwa vumbi la chaki.

Tangu nistaafu nakaa Mikindani. Kutoka barazani kwangu nawaona watoto wakirudi shule. Wanatupa mabegi chini ya mkungu, na kabla sijamaliza kikombe cha chai wameshafika majini juu ya mtumbwi wa mtu. Mtumbwi wenyewe una ufa uliozibwa kwa kitambaa na lami. Juzi walikuwa wanne, mmoja anafua maji kwa kopo la rangi. Huyo anayefua ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na ndiye peke yake asiyejua kuogelea. Najua kwa sababu waliporudi nilimwita nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu zote kwamba kazi yake ni kufua, wanaoogelea ni wale wengine.

Jibu lile ndilo lililonikalisha kuandika.

Methali ya mfa maji tumeifundisha miaka nenda miaka rudi. Mfa maji haachi kutapatapa. Tumeitungia maswali kwenye mitihani, na mtoto aliyeandika kwamba aliyekata tamaa hujaribu kila njia tukampa alama zake mbili. Sikumbuki hata siku moja nilipomwambia mwanafunzi kwamba kutapatapa kwenyewe ndiko kunakoua. Mtu mwenye hewa mapafuni huelea. Kinachozama kwanza ni mdomo, kwa sababu ameinua mikono juu kuomba msaada na uzito wa ile mikono unamsukuma kichwa chini. Akilala chali, masikio yakiwa ndani ya maji, kidevu juu, mikono imetanda kando, atapumua. Atakunywa funda moja mbili za chumvi, lakini atapumua. Jambo hili mtoto wa darasa la tatu anaweza kulijua kwa mwili wake ndani ya wiki mbili, na sisi tuna miaka mingi naye.

Ninachoomba ni kipindi kimoja kwa wiki, kuanzia sasa kaskazi inapoanza hadi masika yaishe, watoto wafundishwe bahari na dhoruba. Siombi kitabu wala silabasi. Mtaala mpya una Jiografia na Mazingira, una Sanaa na Michezo; mwalimu mwenye nia hakosi mahali pa kulichomeka. Na wapo skauti, ambao kwa sasa naona kazi yao kubwa ni kupiga gwaride mgeni anapokuja.

Niwaeleze kwa nini naamini saa ya kwanza iko mikononi mwa aliye karibu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa mjini, mchana, serikali yote iko jirani. Waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi, na kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, akasaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Kati ya watu 43 walipona 24. Kama Bukoba mjini msaada wa kwanza ulikuwa kasia la mvuvi, je, kwenye matumbawe ya Ghuba ya Mnazi, ambako boti ya karibu yenye mashine huenda iko pwani haina petroli?

Sasa kisa changu mwenyewe, ambacho baadhi yenu mmekisikia nikiwa nimeshiba.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mjomba alikuwa ananileta Mtwara mjini kutoka Msimbati kwa ngalawa, mwezi wa saba, kusi limekaza. Tulikuwa wanne: mjomba, mimi, mzee mmoja na magunia yake mawili ya makopa, na kijana aliyesifika kijiji kizima kwa kuogelea. Nje ya Msangamkuu wimbi likatupiga ubavuni, ngalawa ikajaa mpaka ukingoni. Haikuzama. Gogo la mwembe lililochongwa, lenye ndubi mbili kando, halizami; linalala tu usawa wa maji kama ng'ombe aliyegoma. Mjomba alishusha foromali, akalifunga tanga, akayasukuma makopa baharini bila kumtazama mwenye mali, kisha akanifunga kiunoni kwenye tengo kwa kamba ya nanga. Fundo lenyewe la kuvuta mara moja likafunguka. Akaniambia, "Shika mti, funga mdomo." Kijana akasema pwani ile pale, nakwenda kuita watu. Ilionekana kweli: minazi, na moshi wa jiko la mtu. Mjomba alimkataza mara mbili. Kijana akavua shati akaingia.

Sisi tulichukuliwa na mkondo kuelekea kaskazini, na alasiri tukaokotwa na mashua karibu na Sudi. Yeye hakuonekana tena. Yule mzee wa makopa, ambaye maishani mwake hakuwahi kuingia maji ya kupita magoti, aliishi hadi akacheza ngoma kwenye harusi yangu, na mpaka anakufa alikuwa akimdai mjomba magunia mawili.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwenye ramani kilichompata kijana. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki hulipiga bara letu karibu na Rasi Delgado, hapo ng'ambo tu ya Ruvuma, kisha unagawanyika. Tawi moja linashuka Mlango wa Msumbiji. Lingine linapanda kaskazini mbele ya Mtwara, Lindi na Kilwa mpaka Kenya. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vinasukuma upande mmoja. Kwa hiyo anayeogelea kuelekea minazi anaiona minazi ikiteleza pembeni, anaongeza nguvu, inateleza tena. Amebaki kichwa kimoja kwenye bahari yote, kidogo kuliko nazi. Waliobaki na chombo wana kitu kirefu cha kuonekana na kitu cha kushika. Watoto waambiwe hivyo, tena kwa ramani ubaoni: chombo kikijaa au kikipinduka, usikiache.

Na chombo kisipokuwepo, dumu. Laifu jaketi ni kitu kizuri, mwenye nazo azivae, asizikalie. Lakini sitawadanganya kwamba kila mtoto anayevuka kwenda Msangamkuu au anayemfuata baba yake kwenye nyavu atavalishwa moja mwaka huu. Dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, linasukumwa juu na maji kwa nguvu ya kubeba karibu kilo ishirini. Mtu aliyezama mpaka shingoni anahitaji kilo chache tu za kuinuliwa ili pua yake ibaki hewani. Hata dumu la mafuta ya kula la lita tano linamtosha mtoto, na mawili yaliyounganishwa kwa kamba fupi ikapita chini ya makwapa yanamtosha mama yake. Shida ni kwamba madumu yetu hukaa chomboni bila kifuniko, au yamejaa maji ya kunywa, au yamefungwa kwa fundo ambalo mkono uliolowa hauwezi kulifungua. Mpeni mtoto dumu kwenye maji ya kiuno, mwambieni alikumbatie kifuani kama anavyombeba mdogo wake, anyanyue miguu. Atacheka. Akishacheka, mwili umejua.

Kuna jambo la maji kujaa na kupwa ambalo mama zetu wanalijua kuliko sisi wenye vyeti, lakini wanalijua kimya kimya. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huku kwetu yanapwa sana mnamo saa nne asubuhi, ndipo wanawake na watoto wanapotoka kufuata pweza na makome mbali kabisa, karibu na mahali wimbi linapovunjikia. Yanarudi mpaka saa kumi alasiri. Mtoto anahesabu saa sita na kudhani maji yatakuja polepole kwa kiasi kilekile kila saa. Hayaji hivyo. Saa ya kwanza huleta kidogo sana, ya pili zaidi kidogo, kisha saa mbili za katikati peke yake huleta nusu ya maji yote. Yaani kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana, wakati mtu ameinama na kikapu kinaanza kuwa kizito. Tena maji hayamfuati kwa mbele. Yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yake, kati yake na pwani, na yeye amesimama mahali pakavu akijiona salama. Nendeni na darasa siku ya bamvua, chomekeni kijiti kwenye mchanga saa tano kamili, mkichore kila baada ya nusu saa. Hesabu za sehemu mlizoshindwa kuwafundisha ubaoni zitaingia zenyewe.

Hapa pana kichekesho cha mpakani. Mlio Msimbati na vijiji vya mdomoni mwa Ruvuma mnajua jinsi simu inavyodaka mtandao wa Msumbiji bila kuombwa. Ikidaka, saa ya simu inarudi nyuma saa nzima, maana wenzetu ng'ambo wanahesabu wakati nyuma yetu kwa saa moja. Kijana akitazama simu akiwa juu ya mwamba anaona saa tano, kumbe ni saa sita na maji yameanza kukimbia. Mwambieni azime huko kujirekebisha kwenyewe kwa saa, au atazame jua. Na simu iingie ndani ya mifuko miwili ya nailoni, kila mmoja na fundo lake, pamoja na filimbi. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, haina malipo; watoto waikariri kama wanavyokariri jedwali la saba. Filimbi wala haihitaji mtandao.

Walimu wa Kilambo, Kitaya na Mahurunga mtaniambia kwamba ninyi bahari mnaisikia tu, chenu ni mto. Sawa. Kwenu mtoto hafi kwa mkondo, anakutana na kiboko alfajiri akitoka dunguni kulinda mpunga. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na hurudi kwa njia ileile aliyoizoea, iliyolimwa na miguu yake mpaka ikawa mfereji. Mtoto akikaa katikati ya mnyama na maji, ameziba mlango wa nyumba ya mtu mwenye hasira. Wafundisheni kuzitambua njia hizo na kutopita humo kabla jua halijapanda. Na mamba: anayemjua mtekaji maji ni yule aliyemwona jana akiteka palepale, saa ileile. Kubadili mahali na wakati ni kinga isiyo na gharama. Uzio wa miti mtoni ni bora zaidi, kama kijiji kina nguvu ya kuujenga.

Wanaokwenda kukamata kaa kwenye mikoko wana hatari yao nyingine, ya kupotea. Humo ndani kila mkoko unafanana na mwenzake na jua halionekani vizuri. Maji ndiyo dira: yakipwa, yanakimbilia kwenye mkono mkubwa na kutoka nje, yakijaa, yanaingia ndani kuelekea bara. Mtoto ajue tu alipoingia yalikuwa yanapwa au yanajaa. Akizama kwenye tope hadi mapajani asivute mguu kwa nguvu. Alale, ajitandaze kama anayetambaa, ashike mizizi, auchomoe mguu taratibu. Kiatu kibaki. Maji yakimkuta humo, apande mlilana au mchu mkubwa, apige filimbi mara tatu, asubiri. Kupwa kutakuja tena. Ni suala la saa sita, si la siku.

Sasa kimbunga, maana huko ndiko ninyi walimu wakuu mnakohusika kwa funguo zenu.

Tarehe 25 Aprili 2019 wengi wenu mlikuwa kazini. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimepita kaskazini mwa Komoro, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza, mkoa ukafunga shule na ofisi, watu wa ufukweni wakaambiwa waende mahali palipoinuka. Mimi nilijaza ndoo tatu za maji, nikakaa na redio. Jioni ile kilitua Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba wa Msumbiji, kwa upepo wa karibu kilomita 220 kwa saa. Ibo na Macomia zikabomolewa. Sisi tukapata mawingu na upepo wa kuangusha embe chache, na kesho yake kijiweni watu wakacheka. "Kimbunga cha redio," walisema. Hata leo mwenye duka langu la sukari akisikia tangazo la hali ya hewa husema hivyohivyo.

Kilitukosa kwa umbali unaokaribiana na safari ya basi la Masasi. Aliyepo Macomia hajacheka. Na wazee wa Lindi hawakuwa wakicheka walipokuwa wakitusimulia Aprili 1952, kimbunga kilipowaingilia mjini. Mwezi Mei 2024 kikaja Hidaya kikaelekea Mafia, mvua zake zikaikata barabara ya Kusini huko Somanga, wilayani Kilwa. Mtwara ikawa kama kisiwa, malori ya Dar es Salaam yamesimama. Desemba mwaka huohuo Chido akapiga tena Cabo Delgado, kusini mwa Pemba. Vimepita juu yetu, vimepita chini yetu. Katika Tanzania yote sisi ndio tulio karibu zaidi na njia yao, na msimu wao ni Novemba hadi Aprili, ingawa Hidaya hakuisoma ratiba.

Tangazo likitoka, watu wanaambiwa wakimbilie majengo imara, na katika vijiji vyetu vingi jengo hilo ni shule yako, mwalimu mkuu. Kwa hiyo nakuuliza maswali ya fundi. Bati la darasa la saba lina misumari mingapi, na ukingo wake wa upande wa bahari umefungwa kwa waya au umewekwa tu? Ule mkorosho uliokauka tawi juu ya ofisi utakatwa lini? Funguo za madarasa nani anazo ukiwa mjini kufuata mshahara? Tenki la maji ya paa limefunikwa? Na kengele. Ile rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwembe ndiyo king'ora cha kijiji kizima, lakini inagongwa kwa kila kitu: uji, mapumziko, mwalimu wa zamu akikasirika. Chagueni mlio mmoja wa hatari usiogongwa kwa kitu kingine chochote, mkubaliane na mwenyekiti wa kijiji na msikiti, muufanyie zoezi mara moja kila muhula. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Mwalimu akiingia kikaoni na mlio wa kengele uliokwisha kujaribiwa, mjadala unakuwa mfupi.

Watoto wajue na mambo mawili ya upepo wenyewe. Upande huu wa kusini wa dunia kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Ukiukabili upepo uso kwa uso, kitovu chake kiko upande wa mkono wako wa kushoto. Na dhoruba ikitulia ghafla, jua likachungulia, msitoke kwenda kuokota mabati: huenda lile ni jicho, na ukuta wa pili unakuja na upepo wa kutoka upande wa pili, ukiikuta nyumba imeshalegea.

Barabara ikikatika, chakula kinabadilika, na hapa nina la kuwaambia wapishi wa shule. Mkoa wetu umewahi kuona konzo, ule ugonjwa wa miguu kukakamaa usiopona, unaotokana na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka watu wakiwa na njaa. Unga wenye wasiwasi ukandwe na maji, utandazwe kwenye ungo au mkeka kwa unene usiozidi kidole, uachwe juani saa mbili au kivulini saa tano, sumu ipeperuke, ndipo usongwe ugali siku hiyohiyo. Njia hii aliibuni mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, na haina gharama yoyote zaidi ya subira. Na bahari isionekane kama ghala la dharura lisilo na masharti. Machi 2024 huko Kisiwa Panza, Pemba yetu ya Zanzibar, nyama ya kasa iliua watu tisa, wanane wakiwa watoto. Kupika hakuondoi sumu ile, wala ya bunju.

Mtaniuliza, mtoto wa miaka kumi atamwokoa nani? Desemba 26, mwaka 2004, msichana wa Kiingereza wa umri huo, Tilly Smith, alikuwa ufukweni Phuket na wazazi wake. Akaona maji yanatoa povu na kwenda mbele bila kurudi, akakumbuka kipindi cha jiografia cha wiki mbili nyuma, akapiga kelele mpaka watu wakatolewa ufukweni. Walikuwa kiasi cha mia moja. Siku hiyohiyo mawimbi yaleyale ya tsunami yalifika hadi kwetu na kuua watu hapa Tanzania, wengi wao Dar es Salaam. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Simeulue, kisiwa kilicho karibu kabisa na kitovu cha tetemeko lililozusha mawimbi hayo, huko Aceh. Wakazi wake walikuwa zaidi ya elfu sabini. Waliokufa ni saba. Tangu mawimbi ya 1907 bibi zao wamekuwa wakiwabembeleza wajukuu kwa nyimbo na hadithi za neno moja, smong: ardhi ikitikisika na bahari ikikimbia, panda mlima. Hawakuwa na king'ora.

Sisi tunayo shule ya nyimbo tangu zamani. Kila likizo mnagombana na jando na unyago kwa sababu ya utoro, mnaandika barua kwa watendaji, nami niliandika nyingi. Mwaka huu jaribuni kwenda mapema kwa wazee wenye ngoma, kwa heshima zote, muwaombe nafasi ya wimbo mmoja tu: usikiache chombo, lala chali, bamvua ondoka kabla ya saa sita. Wao wanajua namna ya kuuingiza mwilini mwa mtoto usitoke hadi uzeeni. Sisi na vijiti vyetu hatujui.

Kuhusu wasichana, najua nitakachojibiwa. Mama anayefuata pweza maisha yake yote hajui kuogelea, na binti yake hatajua, kwa sababu ya stara. Wenzetu wa Nungwi, Unguja, kwa mradi wa Panje, na wanafunzi wa shule ya msingi Kijini, wamefundishwa kuelea na kuokoana wakiwa wamejifunika kichwa mpaka miguu, na walimu wao wanawake. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha ndani ya maji, na picha hizo zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Shule yenye mwalimu mmoja wa kike asiyeogopa maji ina kila kitu kinachohitajika.

Nami najua hofu yenu ya kweli, maana nimekaa kwenye kiti hicho: mtoto akizama kwenye kipindi chako, umekwisha. Basi fanyeni hivi. Siku za maji mafu tu, mahali pasipo mlango wala mkondo, maji yasipite kiuno cha mtoto mfupi kuliko wote. Watoto kumi kwa zamu, watu wazima wawili majini na mmoja nchi kavu anayehesabu vichwa kwa sauti. Kamba imetandazwa kutoka nguzo hadi nguzo, na hakuna anayevuka kamba. Mzazi asaini, na ikiwezekana aje mwenyewe. Mvuvi akiombwa na mwalimu kuja kufundisha shuleni, huvaa hata kanzu.

Mimi nitaanza Jumamosi ya maji mafu yajayo, hapa Mikindani, saa mbili asubuhi, pamoja na yule mfua maji na kopo lake la rangi. Mama yake amekubali, kwa sharti kwamba nisimlowanishe shati la shule. Nina kamba. Madumu ninayo mawili, moja halina kifuniko. Atakayekuja aje na kifuniko cha dumu la lita 20, kile chekundu cha kuzungusha.

Mwalimu mwenzenu mstaafu,
Mikindani, Mtwara